Mishipa ya Fahamu: Tangu Galen Hata Loewi

Zamani za Kaisari Marcus Aurelius palikuwa katika mji wa Roma tabibu wa Kiyunani aitwaye Galen, mzaliwa wa Pergamon katika nchi ambayo leo ni Uturuki, ambaye kabla ya kuhamia Roma mnamo mwaka wa 162 alikuwa kwa miaka kadhaa tabibu wa watu waliopiganishwa kwa panga viwanjani, na kwa kuyauguza majeraha yao alikuwa ameyaona kwa macho yake mambo ya ndani ya mwili ambayo matabibu wengi wa wakati ule waliyajua kwa kusoma tu. Huyo ndiye aliyeitwa kumtazama Pausanias, mwalimu wa ufasaha kutoka nchi ya Shamu, ambaye vidole vyake viwili vya mwisho na nusu ya kidole cha kati vilikuwa vimekufa ganzi, ingawa aliweza kuvikunja na kuvikunjua kama kawaida. Matabibu waliomtangulia walikuwa wakivipaka vidole hivyo dawa pasipo faida yoyote. Galen hakuvishughulikia vidole. Alimwuliza mgonjwa kama hakupata kuumia mahali pengine, naye akakumbuka kwamba safarini alianguka kutoka garini akajipiga sehemu ya juu ya mgongo. Basi Galen akaamuru dawa ile ile iondolewe vidoleni, ipakwe pale shingo inapoungana na mgongo, na baada ya muda Pausanias akapona.

Mtu yeyote aliyewahi kujigonga kiwiko kwenye kizingiti cha mlango anaijua njia ambayo Galen aliifuata, kwa kuwa ganzi ichomayo hushuka toka kiwikoni hata kidole cha mwisho na ubavu wa kidole kinachofuata, wala haigusi kidole gumba. Mshipa wa fahamu wenye kuvihudumia vidole hivyo una asili yake chini ya pingili ya saba ya shingo, nao hupita kwapani, huzunguka nyuma ya mfupa wa kiwiko, kisha hushuka mpaka kiganjani. Na kwa hiyo kidole chaweza kuwa kizima, hakina jeraha wala uvimbe, ilhali hisia yake imekatika umbali wa mkono mzima kutoka pale inapokosekana. Galen aliyajua hayo kwa yakini. Asilolijua, na ambalo wanaelimu walibishana juu yake karne kumi na saba baada yake, ni hili: ndani ya njia hiyo hupita kitu gani, nacho hupitaje? Historia ninayotaka kuisimulia ni ya swali hilo.

Hata kufika kwenye swali lenyewe kulichukua zama nyingi, kwa sababu ilibidi kwanza ijulikane kwamba njia zote hizo zaelekea kichwani. Ipo hati ya Misri ya kale, iliyonunuliwa na Mmarekani Edwin Smith katika mji wa Luxor mwaka wa 1862, ambayo iliandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Masihi kwa kunakiliwa kutoka maandiko ya zamani zaidi, nayo yaeleza habari za majeruhi 48, na miongoni mwao yumo mtu aliyeteguka pingili ya shingo asiweze kuisikia mikono yake wala miguu yake. Mwandishi wa hati ile aliona sawasawa. Walakini watu wa taifa lake, walipowatengeneza maiti wao wasioze, waliutoa ubongo kwa kuuvuta puani na kuutupa, ilhali moyo waliuacha kwa taadhima mahali pake, maana waliamini kwamba ndio makao ya akili. Aristotle naye, pamoja na hekima yake yote, alifundisha kwamba kazi ya ubongo ni kuipoza hari ya moyo. Wala si ajabu: moyo hupiga kwa nguvu mtu aogopapo, hutulia anapotulia, na unapokoma uhai hukoma, ilhali ubongo hautikisiki, hauna sauti, na hata ukiguswa wenyewe hauumi.

Waliolisahihisha jambo hili kwa burhani ya mikono yao walikuwa Herophilus na Erasistratus, ambao yapata miaka 300 kabla ya Masihi waliruhusiwa na wafalme wa Iskanderia kupasua maiti za watu, ruhusa iliyokuwa nadra kabla yao na baada yao. Hao waliitenga mishipa ya fahamu na kano za misuli, ambazo kwa jicho lisilozoea hufanana nayo kwa weupe na ukakamavu, wakaifuata mpaka kwenye ubongo na kwenye ugwe wa uti wa mgongo, na wakafahamu kwamba iko inayochukua hisia na iko inayochukua mwendo. Vitabu vyao vilipotea vyote, nasi tumeyapata maneno yao kwa sababu Galen aliyataja, mara kwa kuyasifu na mara kwa kuyapinga.

Turudi basi kwa Galen, kwa maana yeye ndiye aliyelihakikisha jambo hilo hadharani, mbele ya mtu mkubwa wa serikali aitwaye Flavius Boethus na wanafalsafa aliowaalika. Siku ya kwanza mambo yaliharibika kabla ya kuanza: mwanafalsafa mmoja, Alexander wa Dimishki, aliuliza kama inafaa kwanza kukubaliana kwamba mtu aweza kuyaamini anayoyaona kwa macho, na Galen, aliyekuwa mwepesi wa hasira, akaondoka mkutanoni. Alipobembelezwa akarudi, aliwaletea nguruwe aliyefungwa kwa kamba, akilia kwa sauti ya kuziba masikio, akaipasua shingo yake, akawaonyesha kandokando ya koo mishipa miwili myembamba kama nywele, akaipitishia uzi. Alipoukaza uzi, sauti ikakatika mara moja. Mnyama aliendelea kufurukuta na kupumua, kinywa wazi, asitoe mlio. Alipoulegeza, kelele zikarudi. Waliohudhuria, ambao wengi wao walikuwa wamefundishwa kwamba sauti hutoka moyoni, waliona kwamba amri ya kulia hutoka kwingine, na kwamba yaweza kufungwa na kufunguliwa kwa uzi.

Mishipa hiyo miwili ina safari ya ajabu, na Galen aliijua. Asili yake ni kichwani, na zoloto inayoiamuru iko karibu sana na kichwa. Lakini haiendi moja kwa moja, bali hushuka shingoni hata kifuani, na ule wa kushoto huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena juu mpaka zoloto. Ndiyo sababu hata leo mtu mwenye uvimbe kifuani aweza kumwendea tabibu akilalamika kwamba sauti imekwaruza, hali koo lake halina dosari.

Akakata pia ugwe wa uti wa mgongo wa wanyama, pingili kwa pingili, na kuandika kilichopotea kila alipokata. Akikata juu kabisa ya shingo, mnyama hufa papo hapo, kwa kuwa pumzi imekatika. Akikata chini ya shingo, mikono na miguu hulegea lakini pumzi hubaki, japo kwa udhaifu, kwa sababu amri ya kiwambo cha kupumulia hutoka katikati ya shingo. Akikata kiunoni, miguu tu ndiyo hupoteza mwendo na hisia. Kwa majaribio hayo makali alijua mpangilio ambao mpaka leo ndio msingi wa elimu hii: ubongo juu, ugwe ukishuka kutoka kwake ndani ya mfereji wa mifupa, na mishipa ikitoka kwa jozi kila pingili, ya juu kwenda mikononi, ya kati kwenda kifuani na tumboni, ya chini kwenda miguuni. Siku hizi twahesabu jozi 12 zitokazo kwenye ubongo wenyewe na jozi 31 zitokazo kwenye ugwe. Galen alihesabu saba tu za ubongo, kwa kuwa nyingine aliziunganisha, na hesabu yake ikafuatwa zaidi ya miaka elfu moja.

Lakini kuhusu kipitacho ndani ya mishipa Galen hakuwa na cha kuonyesha, na pale ambapo kisu hakikufika alitumia dhana. Alifundisha kwamba pumzi na damu husafishwa daraja kwa daraja mwilini mpaka zikafanyika ubongoni upepo mwembamba wa nafsi, nao huo hupita mishipani kupeleka amri na kuleta habari. Karne ya tisa, Hunayn ibn Ishaq alipovifasiri vitabu vyake kwa Kisiria na Kiarabu katika mji wa Baghdadi, upepo ule ukaitwa roho nafsani, na matabibu wa Kiislamu wakaupokea, wakauchunguza na kuutafutia mahali pake katika falsafa yao. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka wa 980 na kufariki mwaka wa 1037, alijitahidi katika kitabu chake Kanuni kuwapatanisha Aristotle na Galen, akisema kwamba asili ya nguvu zote ni moyo, lakini nguvu za hisia na mwendo hudhihirika ubongoni. Kisha akazipanga nguvu za ndani, hisi ya pamoja na khayali na fikra na wahamu na hifadhi, kila moja katika sehemu yake ya vyumba vya ubongo. Baadhi ya waandishi wa Ulaya huipita zama hiyo kwa sentensi moja, wakidai kwamba Waarabu walihifadhi tu walichoachiwa. Sikubaliani nao. Wazo kwamba kumbukumbu, dhana na hukumu ni kazi mbalimbali, na kwamba mtu aweza kupoteza moja na kubakiwa na nyingine kwa kadiri ya mahali alipoumia kichwani, lilishikwa na kunyooshwa na matabibu hao, na Kanuni ilipofasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 ilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka.

Roho nafsani haikufa siku moja. Mwaka wa 1543 Andreas Vesalius alitangaza kwamba ule wavu wa mishipa ya damu chini ya ubongo, ambamo Galen alisema roho husafishwa, haumo katika mwili wa binadamu. Galen aliuona kwa wanyama akadhani watu nao wanao. Karne iliyofuata Mholanzi Jan Swammerdam alichukua msuli wa chura ukiwa bado na mshipa wake, akauziba ndani ya kioo chenye shingo nyembamba iliyotiwa tone la maji, kisha akauchokoza mshipa. Kama kweli roho au maji fulani yangemiminika kutoka mshipani na kuujaza msuli, tone lingepanda. Msuli ulijikunja, tone halikupanda. Jaribio lile dogo lilitosha kuiangusha hekima ya miaka 1500, lakini halikuweka kitu mahali pake, na watu hawapendi kuiacha imani iliyowatosha mpaka wapewe nyingine.

Nyingine ilikuja kutoka Bologna, ambako Luigi Galvani pamoja na mkewe Lucia walikuwa wakifanya majaribio ya umeme kwa miguu ya vyura, na mwaka wa 1791 akachapisha kitabu cha kusema kwamba umeme umo ndani ya mnyama mwenyewe. Alessandro Volta alimpinga, akadai kwamba umeme ule ulitoka katika madini mawili yaliyogusana, na katika kutafuta hoja ya kumshinda Galvani akaunda ile betri ya kwanza, mwaka wa 1800. Kila mmoja alikuwa na haki upande wake: madini hutoa umeme kama alivyosema Volta, na mishipa nayo hutoa umeme kama alivyosema Galvani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Charles Bell wa Uingereza mwaka wa 1811, na François Magendie wa Ufaransa kwa ukamilifu zaidi mwaka wa 1822, walionyesha kwamba kila mshipa utokao uti wa mgongo una mizizi miwili, wa mbele wenye kupeleka amri ya mwendo na wa nyuma wenye kuleta hisia, na hapo ndipo ilipofahamika kwa nini Pausanias aliweza kuvikunja vidole asivyovisikia. Magendie aliyapata hayo kwa kuwapasua watoto wa mbwa wakiwa macho, kwa kuwa dawa ya usingizi ilikuwa bado haijavumbuliwa, na watu wengi wa zama zake walimlaumu kwa ukatili. Mimi pia siwezi kuyataja maarifa yale bila kuitaja gharama yake. Hermann von Helmholtz naye, akiwa Königsberg, aliupima mwaka wa 1850 mwendo wa ujumbe katika mshipa wa chura, jambo ambalo mwalimu wake mwenyewe Johannes Müller alisema haliwezekani, akaona ni kama mita 27 kwa nukta moja ya saa. Wengi walishangaa kwamba ni polepole hivyo. Katika mwili wa mtu nyuzi nene zenye ala ya mafuta hufikia mita 100 na zaidi kwa nukta, na nyuzi nyembamba za maumivu husafiri mita moja hivi tu. Ndipo mtu akijikwaa kidole cha mguu gizani husikia kwanza kwamba amegonga kitu, kisha, baada ya kitambo anachokitambua vizuri, ndipo yaja maumivu.

Hata hivyo hapakuwa na mtu aliyejua mshipa wa fahamu umeumbwaje kwa ndani, wala huanzia wapi na kuishia wapi. Chini ya hadubini ubongo ulionekana kama kichaka kisicho na mlango: ukitia rangi, vyote hushika rangi, nyuzi juu ya nyuzi, usijue uzi huu ni wa seli ipi. Aliyefungua njia ni Camillo Golgi, tabibu wa Kiitalia aliyezaliwa mwaka wa 1843, ambaye kwa kuhitaji mshahara aliiacha Pavia na utafiti wake akaenda kuwa mganga katika hospitali ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona huko Abbiategrasso, karibu na Milano. Maabara hakupewa. Alichukua jiko dogo la nyumba yake, na usiku, kazi ya wagonjwa ilipokwisha, alifanya majaribio yake. Huko ndiko alikogundua, mwaka wa 1873, kwamba kipande cha ubongo kikigandishwa katika chumvi ya kromi na baadaye kutiwa katika nitrati ya fedha, seli chache mno, chache tu katika kila mia, hugeuka nyeusi tangu mwili wake mpaka ncha ya tanzu zake, na nyingine zote hubaki bila rangi. Uchache huo ndio uliokuwa neema. Kwa mara ya kwanza seli moja ya ubongo iliweza kuonekana peke yake, nzima, nyeusi juu ya uwanja wa manjano.

Golgi alipozitazama nyuzi zile aliamini kwamba mwishowe huungana zote kuwa wavu mmoja usio na kikomo, na kwamba ubongo hufanya kazi kwa ujumla wake. Hakuwa peke yake. Wanaelimu wakubwa wa Ujerumani walifundisha hivyo hivyo. Wala haikuwa rai ya kipuuzi, kwa kuwa nafsi ya mtu ni moja, na yaonekana ni haki kwamba chombo chake nacho kiwe kimoja.

Miaka 14 kazi yake ilikaa bila kutiliwa maanani ipasavyo, mpaka mwaka wa 1887, Luis Simarro alipomwonyesha mgeni wake, nyumbani mjini Madrid, vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa njia ya Golgi. Mgeni yule alikuwa Santiago Ramón y Cajal, mwenye umri wa miaka 35, mzaliwa wa kijiji cha Petilla de Aragón, mtoto wa tabibu mkali. Utotoni alitaka kuwa mchoraji, na baba yake, kwa kuona kwamba uchoraji hauleti mkate na kwamba mtoto ni mtundu asiyeshikika, akampeleka kwa kinyozi na kisha kwa fundi viatu ajifunze kazi. Baadaye baba na mwana waliokota mifupa kutoka makaburini, na kwa kumfundisha kuichora ndipo baba alipompata. Alikwisha kupita utabibu wa jeshi nchini Cuba, akarudi amedhoofishwa na malaria. Na mwaka wa 1885, alipofanya uchunguzi wa kipindupindu, jimbo la Zaragoza lilimpa zawadi ya hadubini nzuri ya Kijerumani. Sasa alikuwa na macho ya mchoraji, hadubini njema, na kwa bahati ile ya Madrid, rangi ya Golgi.

Aliporudi na kuhamia Barcelona alifanya mambo mawili. La kwanza, aliirudia rangi mara ya pili juu ya kipande kile kile ili ikolee. La pili, badala ya ubongo wa mtu mzima, aliuchunguza ubongo wa vifaranga na wa mimba za wanyama, ambamo nyuzi bado hazijavikwa ala ya mafuta inayozuia rangi, na tena ni fupi, zaweza kufuatwa mpaka mwisho. Kila akifuata uzi aliuona una ncha. Katika ubongo mdogo wa ndege, ulio nyuma ya kichwa, aliona nyuzi zikishuka na kuikumbatia seli kubwa kwa tanzu zilizofumwa kama kikapu, zikaigusa pande zote, wala zisiingie ndani yake. Hapakuwa na wavu. Kila seli ilikuwa nafsi yake, ikipokea ujumbe kwa tanzu zake fupi na kuutoa kwa uzi wake mrefu kwenda kwa inayofuata. Mwezi wa Mei 1888 akayachapisha hayo katika jarida aliloligharimia mwenyewe, nakala 60 tu, michoro yake mwenyewe, akazipeleka kwa wanaelimu wa Ulaya. Hakuna aliyejibu, kwa maana ni wachache waliosoma Kihispania.

Basi mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, akafunga vipande vyake na hadubini yake, akaenda kwa gharama yake mpaka Berlin, kwenye mkutano wa chama cha Kijerumani cha elimu ya viungo. Alizungumza Kifaransa kibovu, na wenyeji walimtazama kwa shaka. Akazipanga hadubini mezani, akawavuta watu mmoja mmoja watazame. Miongoni mwao alikuwa Albert von Kölliker wa Würzburg, mzee wa miaka 72, mmoja wa walioiamini rai ya wavu, na mwenye sifa kuliko wote waliokuwapo. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, na alipoinuka alikuwa amebadili rai. Na tangu siku ile akawa mtetezi wa Cajal, akairudia kazi yake na kuithibitisha. Nakiri kwamba katika historia yote hii hakuna kitendo kinachonigusa zaidi ya hicho cha mzee Kölliker, kwa kuwa ni rahisi kijana kuivunja rai ya wengine, na ni vigumu mno kwa mtu wa miaka 72 kuivunja ya kwake.

Mwaka wa 1891 Wilhelm Waldeyer aliipa seli ile jina la nyuroni, na mwaka wa 1897 Mwingereza Charles Sherrington akapaita sinapsi pale nyuroni mbili zinapokutana. Golgi hakukubali. Mwaka wa 1906 alitunukiwa yeye na Cajal kwa pamoja tuzo ya Nobel, wakakutana Stockholm kwa mara ya kwanza, na Golgi, aliposimama tarehe 11 Desemba kutoa hotuba yake ya shukrani, akaitumia kuipinga elimu ya nyuroni mbele ya mtu aliyeketi kupokea heshima kwa ajili ya elimu hiyo hiyo. Cajal alizungumza kesho yake, kwa adabu, akiyaeleza aliyoyaona. Wengi wamemcheka Golgi. Mimi naona uchungu wa mtu aliyetengeneza jicho kwa mikono yake usiku jikoni, kisha akaambiwa na mwingine, kwa jicho lile lile, kwamba hakuona vizuri.

Cajal aliposhinda, swali la zamani lilirudi kwa sura mpya. Kama nyuroni hazikuungana, ujumbe unavukaje kutoka moja kwenda nyingine? Wengi walidhani kwamba umeme huruka. Otto Loewi, mwalimu wa elimu ya dawa katika chuo cha Graz nchini Austria, kwa muda mrefu alikuwa na wazo jingine, kwamba ncha ya mshipa hutoa dawa, lakini hakuwa na njia ya kulihakikisha. Kwa masimulizi yake mwenyewe, usiku mmoja wa Pasaka mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliamka usingizini, akaandika kitu karatasini, akalala; asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi saa tisa, naye safari hii hakuthubutu kulala tena, akaenda moja kwa moja maabarani.

Alitoa mioyo ya vyura wawili, yote ikipiga, akaitia kila mmoja katika maji ya chumvi. Moyo wa kwanza ulikuwa bado na mshipa wake wa vagi, ambao ni jozi ya kumi ya zile zitokazo kwenye ubongo, na kazi yake ni kuutuliza moyo, kama ilivyo kazi ya mishipa mingine kuuhimiza. Mishipa yote hiyo ni ya mfumo ule ambao John Langley wa Cambridge alikuwa ameuita wenye kujiendesha, kwa sababu huamuru moyo, tumbo na jasho pasipo kungoja hiari ya mtu. Loewi akauchokoza vagi kwa umeme. Moyo ukapunguza mapigo. Kisha akayachukua maji uliyokuwa umelowa ndani yake, akayamimina kwenye moyo wa pili, usio na mshipa wowote. Nao ukapunguza mapigo. Alipouchokoza mshipa wa kuhimiza na kufanya vile vile, moyo wa pili ukaenda mbio. Umeme hauhamishwi kwa kumimina. Kilichohama ni dawa, na ile ya kutuliza baadaye ikathibitika kuwa ndiyo iitwayo asetilikolini, ambayo Henry Dale wa London alikuwa ameichunguza kabla. Wawili hao walipewa Nobel mwaka wa 1936. Miaka miwili baadaye Wanazi walipoitwaa Austria walimfunga Loewi, aliyekuwa Myahudi, pamoja na wanawe wawili, wala hawakumwachia aondoke nchini mpaka alipoihamisha fedha ya tuzo kutoka benki ya Stockholm na kuitia katika benki waliyoitawala wao.

Yaliyobaki yalikuja kutoka baharini. Ngisi, yule yule ambaye wavuvi wetu humwanika juani, ana ubavuni nyuzi za fahamu nene karibu milimita moja, ambazo hupeleka amri ya kujisukuma kwa maji anapokimbia; nazo ni nene kiasi cha kuingizika waya ndani. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walizitumia huko Plymouth, na mwaka wa 1952 wakaeleza kwa hesabu kamili kwamba umeme wa Galvani ni chembe za chumvi, sodiamu ikiingia na potasiamu ikitoka katika ukuta wa uzi, hatua kwa hatua mpaka mwisho. Muda si mrefu baadaye hadubini za elektroni zikaonyesha ukuta wa nyuroni moja na ukuta wa inayofuata, na kati yake mwanya ambao upana wake ni kama sehemu moja ya 50,000 ya milimita. Cajal alikuwa amefariki mwaka wa 1934, Golgi mwaka wa 1926.

Lakini rai ya Golgi haikupotea yote. Edwin Furshpan na David Potter, walipokuwa wakichunguza kamba wa maji baridi, walitangaza mwaka wa 1959 kwamba mahali fulani umeme huvuka kutoka uzi hadi uzi moja kwa moja, bila kungoja dawa. Na baadaye ikaonekana kwamba hapo kuta za seli zimeshikamana kwa vijitundu vipitavyo toka ndani ya moja hata ndani ya nyingine. Viungo vya namna hiyo vimekwisha kupatikana katika jicho la mtu na katika ubongo wake, vichache kuliko vile vya dawa, nazo nyuroni zilizounganishwa navyo hutoa ujumbe kwa pamoja.